Shemeji yangu anataka kunifundisha kazi niliyoianza yeye akiwa darasa la kwanza

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 37, ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya mjini. Nimepanga fremu Mwanjelwa, na humo nafanya kazi ya kudizaini: kadi za michango, kadi za harusi na sendofu, mabango ya makanisa na semina, fulana, nembo, lebo za bidhaa. Sikusomea chuoni. Nilipomaliza kidato cha nne hela ya kuendelea haikuwepo, nikapata kibarua kwenye duka la kuchapa la mzee mmoja pale Soweto. Nilikuwa nafagia na kukata karatasi. Siku moja akanikalisha mbele ya kompyuta yenye CorelDRAW, programu ya kuchorea, akaweka mezani mfuko mtupu wa saruji, akasema, "Ichore hiyo nembo upya mpaka mimi nishindwe kujua ipi ni yako." Kila ninachokijua kuhusu herufi, nafasi na rangi kilitoka kwa mzee huyo.

Sasa kazi imenibadilikia. Kadi za michango zilianza kuhamia WhatsApp, nami nikahama nazo, nikawa natengeneza za kutuma kwa simu. Baadaye vijana wakaanza kuzitengeneza wenyewe kwa Canva, programu ya kudizaini ya mtandaoni, bure, wakiwa kwenye daladala. Mwaka jana kwaya moja ambayo nimeihudumia tangu nifungue ofisi ilikuja na bango tayari. Walikuwa wamelitengeneza kwa akili mnemba na wakataka niwachapie tu. Nikawachapia. Nikalipwa hela ya kuchapa. Ya ubunifu haikuwepo. Usiku ule sikulala vizuri.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote miaka hii ya karibuni ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Mbozi wanaosaga kahawa yao. Walitaka lebo "ya kupendeza." Nikapanda gari nikaenda hadi kijijini, nikakaa nao wakifunga pakiti. Nikagundua shida yao kubwa ni nyingine kabisa. Wana kahawa iliyosagwa laini na iliyosagwa chengachenga, na mama mmoja anayefunga pakiti hajui kusoma, kwa hiyo mizigo ilikuwa inachanganyika na wanunuzi wanarudisha. Nikawawekea duara moja kubwa kwenye pakiti ya laini na vidoti vingi kwenye ile ya chenga, alama unazoweza kuziona hata ukiwa mbali na mwanga wa dirisha. Yule mama alizielewa bila kuelekezwa. Pakiti moja nimeiweka mezani kwangu mpaka leo.

Shida yenyewe ni hii. Mdogo wa mume wangu ana miaka 24, amemaliza chuo hapahapa Mbeya. Yeye na wenzake wanatengeneza programu ya simu kwa wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe, ili mkulima aweke kumbukumbu ya mzigo aliouza, kwa nani na kwa bei gani. Wamepata fedha za kuwavusha miezi kadhaa. Wanataka nijiunge nao kwa miezi sita kusanifu skrini za programu hiyo, kila siku ya kazi, na kiongozi wangu awe shemeji. Mshahara wao ni mdogo kuliko mwezi mzuri wa ofisini kwangu, ila ni mkubwa kuliko mwezi mbaya, na miezi mibaya imekuwa mingi.

Nilikwenda siku moja kuwatazama. Wanatumia Figma, programu ya kusanifia skrini. Walikuwa wanazungumza mambo ya prototaipu na komponenti, nikakaa kimya kama mgeni msibani. Wale vijana wote walinisalimia shikamoo, halafu dakika tano baadaye mmoja akawa ananionyesha kitufe cha kubonyeza. Nilijisikia vibaya na sikumwambia mtu.

Mume wangu hataki. Anasema, "Mke wangu afundishwe kazi na mdogo wangu?" Yeye anataka akiba yangu ya kikoba tuiongezee kidogo tununue mashine ya kuchapia mabango makubwa. Anasema mambo ya simu yanakuja na kupita lakini bango litatakiwa siku zote. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mwisho wa mwezi huu. Nina dada mmoja ofisini, ana mtoto mdogo, ananitegemea.

Na yule mzee wangu wa Soweto? Mashine za kisasa zilipoingia alikataa kubadilika, duka likafa, sasa yuko Tukuyu na migomba yake. Nikimfikiria najiona mimi. Naogopa kubaki na naogopa kuanza upya. Nisaidie.

Mdizaini wa Mwanjelwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya kukujibu nimeketi na watu wanaofanya hizo kazi mbili, ya kuchapa na ya kusanifu programu, ili nisikujibu kwa kubahatisha.

Ninavyokuelewa, kazi uliyoijenga kwa mikono yako inapungua thamani sokoni, na njia mbili zimefunguka kwa wakati mmoja. Moja ni mashine ya mabango, ambayo mume wako anaiamini. Nyingine ni kazi ya skrini, ambayo inakuvuta na inakutia aibu kwa pamoja. Kodi ya fremu imekuwekea saa ukutani. Na chini ya yote kuna hofu ya kuishia kama mzee aliyekufundisha.

Naomba nianze na hilo neno lako, "kuanza upya," maana umelibeba kama jambo lililothibitishwa. Hebu tazama ulichoniandikia. Ulijifunza CorelDRAW kwa kunakili mfuko wa saruji. Kadi zilipotoka kwenye karatasi kwenda WhatsApp, ulihama nazo, na umelitaja kwa sentensi moja tu kana kwamba halikuwa jambo. Lilikuwa jambo kubwa. Karatasi ina vipimo visivyobadilika na rangi za wino. Kadi ya simu inasomwa kwenye kioo chenye upana wa kiganja, tena na bibi aliyesahau miwani. Ulibadilisha ukubwa wa herufi na mpangilio, na hata muda wa kazi, na hakuna aliyekupa cheti. Wenye taaluma yako duniani kote wameishi hivyohivyo. Photoshop, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe, ilitoka mwaka 1990, na mtu aliweza kununua toleo akakaa nalo miaka; kuanzia mwaka 2013 Adobe wakageukia malipo ya kila mwezi. Mwaka huohuo Canva ikaingia. Figma ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2016. Walikuwepo watu waliojenga maisha yao yote juu ya Flash, programu ya michoro inayotembea kwenye tovuti, wakalipwa vizuri kabisa, na mwisho wa mwaka 2020 Adobe wakaacha kuihudumia. Waliobaki salama ni wale waliokuwa na kitu kingine mkononi zaidi ya kujua vitufe vya Flash.

Wewe unacho hicho kitu, na barua yako imekitaja bila wewe kukusudia. Bango la kwaya umelieleza kwa huzuni. Kahawa ya Mbozi umeieleza kwa furaha, tena kwa kirefu. Uliambiwa utengeneze lebo ya kupendeza, ukaenda kukaa na watu wanaoitumia, ukagundua shida ambayo hawakuitaja, ukampa suluhisho mama asiyejua kusoma, kisha ukaangalia kama ameelewa bila kuelekezwa. Niliwasimulia kisa hicho wale wa programu. Wakaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi yao yenyewe, na ndiyo sehemu ambayo vijana wengi wanaojua Figma vizuri hawajawahi kuifanya hata mara moja. Jakob Nielsen, mmoja wa wanaoheshimika katika fani hiyo, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watumiaji watano tu wakajaribu kitu chako huku wewe unatazama, utayaona makosa yake mengi. Wewe ulimketisha mmoja, kijijini, bila kuwa umesikia jina la mtu huyo.

Sisemi haya ili kukusukuma upande wa shemeji. Nataka upime njia zote mbili ukijua unaingia na nini.

Ipo na dhana nyingine ningependa uitazame: kwamba akili mnemba ndiyo iliyokunyang'anya kwaya. Inawezekana. Lakini kwaya inayotaka bango la mkesha kesho kutwa haikuwa inanunua ubunifu wako hata zamani. Ilikuwa inanunua mtu mwenye kompyuta. Sasa kompyuta wanayo mfukoni. Mteja wa aina hiyo simwoni akirudi, na sitakufariji kwa kusema kwamba picha za mashine zina vidole sita au Kiswahili kibovu. Makosa hayo yanapungua mwaka hadi mwaka, na maisha yako usiyajenge juu ya makosa ya mashine. Akina mama wa Mbozi ni mteja mwingine kabisa. Wao wasingejua hata waiombe nini hiyo akili mnemba, kwa sababu shida yao hawakuwa wameiona.

Nije kwenye aibu, maana nadhani ndiyo inayokuumiza kuliko fedha. Kuamkiwa shikamoo kisha kuelekezwa kitufe na aliyekuamkia kunauma, na sitajifanya hakuumi. Tumelelewa kwamba maarifa hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Lakini nikuulize jambo moja. Siku ile uliyokaa kimya, kuna skrini waliyokuwa wakiijadili? Wewe uliionaje? Wakulima wanasimama shambani Rungwe jua la saa saba likiwa usoni, na herufi ya kijivu juu ya nyeupe hapo haionekani. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa mwangaza, kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na hilo ni jambo ambalo mtu wa mabango analijua kwa jicho. Google wanashauri kitufe cha simu za Android kisiwe chini ya takriban milimita 9, kwa sababu kidole ni kinene. Kidole cha mtu anayetoka kuchuma parachichi kinene zaidi. Na wakulima wangapi kati ya hao wana simu ya kioo kikubwa, wangapi wana kitochi? Kama wengi wana kitochi, programu hata iwe nzuri kiasi gani haitawafikia, na itabidi wafikirie menyu za kubonyeza nyota na reli kama tunavyotuma pesa. Vijana wale wameuliza hilo? Wewe ungeuliza. Kwa hiyo katika chumba kile kuna mambo utakayofundishwa na mambo utakayofundisha, na ningetamani mkubaliane kabla hujaingia kwamba ni pande zote mbili. Shemeji awe kiongozi wa ratiba na faili, sawa. Nani ana neno la mwisho kuhusu jinsi mkulima atakavyosoma skrini? Hilo mliseme wazi, kwa sababu lisiposemwa litageuka ugomvi wa kifamilia uliovaa nguo za kazi.

Na mume wako. Umemnukuu kwa sentensi moja na ni rahisi kumsoma kama mtu mwenye wivu au mgumu. Mimi nasikia pia mtu anayekulinda. Anaona mdogo wake akimwamrisha mkewe, kisha wote mnakutana nyumbani kwa wazazi wakati wa sikukuu na mradi umekufa. Hofu hiyo ina msingi. Inawezekana pia kwamba ana wasiwasi na fedha ambao hajautamka. Ongea naye mkiwa wawili kwanza, shemeji asiwepo, na usianze na swali la nani atamfundisha nani. Anza na hesabu. Mweleze mwezi mbaya una shilingi ngapi. Huenda hajui miezi hiyo ni mingi kiasi gani.

Hesabu hiyo ihusu na mashine yake, kwa haki ileile. Mume wako hajakosea kusema mabango yanatakiwa: kuna kampeni, misiba, mikutano ya injili, maduka mapya kila mwezi pale Kabwe na Mafiati, na Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale kila Agosti. Lakini mashine ni biashara nyingine, siyo nyongeza ya hii. Ina wino, ina vichwa vya wino vinavyoziba isipotumika, ina umeme unaokatika katikati ya kazi, na ikiharibika fundi anaweza kutoka Dar es Salaam kwa nauli yako. Zungukeni Mwanjelwa mhesabu waliokwisha nunua. Ulizeni mita moja ya mraba wanachapa kwa bei gani sasa na walikuwa wanachapa kwa bei gani walipoanza. Mkikuta bei inashuka, akiba ya kikoba itaingia mahali ambapo watu wanagombania shilingi. Mkikuta kazi imewazidi na wanasukumana foleni, basi mume wako ameona kitu na anastahili kusikilizwa.

Upande wa programu, hatari ni za aina yake. Fedha za miezi kadhaa huisha. Kampuni changa nyingi hufungwa kabla wakulima hawajazizoea, na haitakuwa kosa la shemeji wala lako. Kama utakwenda, undugu usichukue nafasi ya karatasi: mkataba ulioandikwa, tarehe ya malipo, na kifungu kinachosema kazi utakazosanifu ni mali ya nani na kama unaruhusiwa kuwaonyesha wateja wengine. Hilo la mwisho watu hulisahau. Miezi sita ikiisha bila mradi, kazi unazoweza kuzionyesha ndizo zitakuwa mshahara wako wa pili. Hata jina la Figma lisikutishe wala kukulevya. Adobe walitangaza mwaka 2022 kwamba wanainunua Figma kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjika. Hata wakubwa hawajui ya kesho. Jifunze, lakini usiolewe nayo.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi ambayo hujaitaja. Huenda ni kuomba siku mbili au tatu kwa wiki badala ya tano, ukabaki na fremu kwa zilizobaki. Figma ina kiwango cha bure cha kujifunzia, kwa hiyo kabla ya kumjibu yeyote unaweza kuchukua skrini moja ya wale vijana, ukaisanifu upya kwa namna yako, ukaenda nayo sokoni Mwanjelwa kwa wauza parachichi watano ukatazama wanavyoihangaikia. Utajua mengi kuhusu kazi hiyo na kuhusu moyo wako. Ubaya wa njia hii ni uchovu. Una watoto wawili na mtu mwenye kazi mbili nusunusu huweza kuzikosa zote. Nafasi nyingine ni kuacha kadi kabisa na kufuata lebo na vifungashio: kahawa ya Mbozi, mchele wa Kyela, asali, viungo. Wenye bidhaa hizo wakitaka kuingia maduka makubwa huhitaji alama ya TBS (Shirika la Viwango), msimbo pau (ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani), orodha ya viambato, na mtu wa kuvipanga hivyo vyote kwenye pakiti ndogo vikasomeka. Wateja hao ni wachache na wengine hulipa kwa kuchelewa. Hilo ulijue mapema. Kuhusu kodi, mwulize mwenye fremu kama atapokea ya miezi mitatu. Akikataa hujapoteza kitu.

Umeniandikia habari za mzee wa Soweto kama onyo. Hukuniambia kama ana majuto. Inawezekana alishindwa, na inawezekana alichoka akachagua migomba kwa hiari yake, na wewe ndiye unayeuita uamuzi wake kifo. Tukuyu siyo mbali. Nenda ukamsalimie, umpelekee ile pakiti ya kahawa aione, umuulize siku zile alikuwa anafikiria nini. Ninadhani atakuwa na la kukuambia ambalo mimi sina.

La mwisho ni dada wa ofisini. Katika barua yote ana sentensi moja, na wewe umekwisha kumwamulia kwamba atabaki bila msaada. Anajua kutumia kompyuta? Anawajua wateja kwa majina? Wakati wewe ulikwenda Mbozi, nani alibaki kufungua ofisi? Mwambie kinachoendelea wiki hii, kabla hajasikia kwa mwenye fremu, kisha umuulize yeye angependa nini. Kama anaweza kushika kadi na uchapaji kwa sehemu ya mapato, hesabu yako yote inabadilika, na mazungumzo yako na mume wako pia.